Dawa za ADHD: je, zinamsaidia mtoto kujifunza na kukumbuka?

Mwalimu anakusimamisha getini na kukuambia, "Mama, siku hizi mwanao ametulia kabisa. Hasumbui mtu." Unamshukuru Mungu, maana umeitwa shuleni mara nyingi kwa sababu ya utundu wake. Lakini jioni unapofungua daftari lake, unakuta mistari mitatu tu. Muhula unakwisha, na ripoti inaleta alama zilezile. Unaanza kujiuliza: hii dawa inamsaidia kusoma, au inamnyamazisha tu?

Swali hilo ni la msingi, na kila mzazi au mlezi wa mtoto anayetumia dawa hizi ana haki ya kuliuliza. Jibu kwa ufupi ni hili: dawa inaweza kumsaidia mtoto kutulia, kusikiliza na kumaliza kazi yake, lakini dawa haimfundishi. Na mtoto aliyetulia si lazima awe anajifunza. Ukilielewa hili, utajua nini cha kuangalia nyumbani na nini cha kumwambia daktari.

ADHD inavyogusa masomo ya mtoto

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto mwenye hali hii hushindwa kuweka akili yake kwenye jambo moja, huhangaika bila kutulia, na hutenda kabla ya kufikiri. Baadhi ya watoto, hasa wasichana, hawana fujo. Wanakaa kimya huku mawazo yako mbali. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 5 kati ya 100 duniani wana hali hii. Haisababishwi na malezi mabaya, uvivu wala kulogwa, na viboko haviitibu.

Ili mtoto ajifunze jambo jipya, hatua tatu lazima zitimie:

1. Kulipokea: asikie au aone kile anachofundishwa, bila akili kuhama.
2. Kulishikilia: aliweke kichwani kwa muda mfupi huku akilifanyia kazi, kama anapojumlisha namba mbili bila kuandika.
3. Kulihifadhi: libaki akilini ili kesho na kesho kutwa alikumbuke.

Kwa watoto wengi wenye ADHD, shida kubwa iko kwenye hatua ya kwanza na ya pili. Unamtuma dukani akalete sukari, chumvi na kiberiti. Anarudi na chumvi tu, au anarudi mikono mitupu akikuuliza ulimtuma nini. Lakini mechi ya mwezi uliopita anakusimulia goli kwa goli. Hiyo haimaanishi kwamba anakudharau. Mechi iliiteka akili yake ikaingia vizuri. Maagizo yako yalipotea kabla hayajahifadhiwa.

Dawa inafanya nini kwenye ubongo?

Dawa zinazotumika zaidi kwa ADHD ziko kwenye kundi liitwalo vichangamshi. Inayojulikana sana ni methilifenidati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Jina "kichangamshi" huwashtua wazazi: kwa nini umpe dawa ya kuchangamsha mtoto ambaye tayari hakai chini?

Sababu ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kujizuia, kusubiri, kupanga na kushikilia jambo akilini. Sehemu hiyo hutegemea kemikali za asili za ubongo ziitwazo dopamini na noradrenalini. Methilifenidati huzuia kemikali hizo zisifyonzwe haraka, hivyo zinabaki kazini kwa muda mrefu zaidi. Kinachochangamshwa ni sehemu inayofanya kazi kama breki.

Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja na hudumu kwa takriban saa 4. Vipo pia vidonge vinavyotoa dawa polepole, ambavyo hudumu kati ya saa 8 na 12. Dawa ikiisha mwilini, msaada wake nao unaisha. Haiponyi ADHD, na haibaki ikifanya kazi siku ambayo mtoto hakuimeza.

Fikiria basi mtoto aliyemeza kidonge cha kawaida saa 12 asubuhi. Kufikia saa 4 au saa 5 asubuhi, nguvu ya dawa inakwisha. Kama hesabu inafundishwa saa 6 mchana, mtoto anakaa kwenye kipindi hicho bila msaada wowote. Wakati mwingine tatizo si dawa, ni ratiba. Mwambie daktari mtoto anaamka saa ngapi, anafika shule saa ngapi, na masomo magumu yako saa ngapi.

"Vidonge vya hesabu"

Matumizi ya vichangamshi kwa watoto yana historia ndefu. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, aliyefanya kazi kwenye hospitali ya watoto katika jimbo la Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya amfetamini. Kwa 14 kati yao, kazi za shule zilibadilika sana ndani ya siku chache. Watoto wenyewe walianza kuviita "vidonge vya hesabu".

Jina hilo linapendeza, lakini limewapotosha watu wengi. Kidonge hakikuwa na hesabu ndani yake. Kilichobadilika ni kwamba mtoto aliweza kukaa na swali mpaka mwisho. Kama mtoto hajui kuzidisha, dawa haitamletea jedwali la kuzidisha kichwani. Lazima mtu amfundishe.

Utafiti wa karibuni umeonyesha nini?

Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Florida, Marekani, kwa watoto 173 wenye umri wa miaka 7 hadi 12 wenye ADHD. Watoto hao walifundishwa katika madarasa madogo. Kwa wiki 3 walipewa methilifenidati, na kwa wiki 3 nyingine walipewa kidonge kisicho na dawa ndani.

Walipokuwa kwenye dawa, watoto walifanya maswali mengi zaidi ya hesabu kwa dakika, ongezeko la takriban asilimia 37. Uvunjaji wa kanuni za darasa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Hapo dawa ilifanya kazi yake waziwazi.

Lakini watafiti walipopima ni kiasi gani cha masomo mapya watoto walikuwa wamejifunza, yaani maneno mapya na mada walizofundishwa, hawakuona tofauti. Waliokuwa kwenye dawa na waliokuwa kwenye kidonge kitupu walijifunza karibu sawa. Kumeza dawa siku ya mtihani kuliongeza alama kidogo tu.

Je, hii inamaanisha dawa haina maana? Hapana. Watoto wale walikuwa wachache darasani na walimu wao walijua namna ya kuwashughulikia. Mtoto aliye kwenye darasa la wanafunzi 70 au 80, ambako mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja, yuko katika hali nyingine kabisa. Pia wiki 3 ni muda mfupi. Nchini Sweden, uchunguzi wa taarifa za wanafunzi wengi ulionyesha kuwa vijana wenye ADHD waliotumia dawa kwa muda mrefu zaidi walielekea kupata alama bora kiasi. Funzo lililo wazi ni kwamba dawa peke yake haitoshi. Inampa mtoto nafasi ya kujifunza. Mafunzo yenyewe lazima yatoke kwa mwalimu na kwako nyumbani.

Kipimo kikubwa si lazima kiwe bora

Hapa ndipo swali la mama aliyefungua daftari linapopata jibu lake.

Mwaka 1977 watafiti wawili wa Illinois, Marekani, Robert Sprague na Esther Sleator, walitoa matokeo ya jaribio muhimu. Waliwapa watoto wenye utundu uliopita kiasi vipimo tofauti vya methilifenidati, kisha wakapima mambo mawili: uwezo wa kukumbuka picha walizoonyeshwa, na tabia yao darasani kwa maoni ya walimu.

Kwenye kipimo kidogo, kumbukumbu za watoto zilikuwa bora zaidi. Kwenye kipimo kikubwa, kilichozidi kile cha kwanza zaidi ya mara tatu, kumbukumbu ilishuka. Lakini walimu waliwasifu watoto zaidi wakiwa kwenye kipimo hicho kikubwa, kwa sababu ndipo walipotulia kuliko wakati wowote. Kwa maneno mengine, kipimo kilichomfurahisha mwalimu hakikuwa kile kilichomsaidia mtoto kukumbuka.

Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa watoto hawafanani. Wengine wanaendelea kufaidika hata kipimo kinapopanda. Wengine wanaharibikiwa mapema. Ndiyo maana daktari huanza na kipimo kidogo na kupandisha polepole huku akifuatilia. Na ndiyo maana usikubali kipimo kipandishwe kwa sababu tu "bado anasumbua darasani" bila mtu yeyote kuangalia daftari lake.

Dalili kwamba kipimo huenda kimezidi ni hizi:

- Ameduwaa, hacheki, hachezi na wenzake kama zamani.
- Ananyamaza muda mrefu na uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni.
- Anang'ang'ania kitu kimoja na hawezi kuhamia kingine.
- Analialia au ana wasiwasi ambao hakuwa nao.
- Ametulia, lakini kazi anazomaliza ni chache kuliko mwanzo.

Ukiona haya, usipunguze wala kuongeza dawa mwenyewe. Rudi kwa daktari umweleze.

Je, atasahau alichosoma dawa ikiisha mwilini?

Wazazi wengi wana hofu hii. Ilitokana pia na utafiti wa mwaka 1976, ambao ulionyesha kwamba watoto waliojifunza wakiwa kwenye dawa walikumbuka vizuri zaidi wakiwa kwenye dawa tena. Lakini tafiti kadhaa zilizofanyika baadaye hazikuona jambo hilo. Kwa hiyo usiogope kwamba masomo ya asubuhi yatafutika jioni. Kilichoingia na kuhifadhiwa kinabaki.

Unachoweza kuona jioni ni kwamba mtoto anakijua kitu lakini hawezi kutulia akakitoa. Mpe dakika chache, muulize kwa njia nyingine, au mwache akujibu akiwa amesimama.

Siku ya mtihani, ampatie dawa yake kama kawaida ikiwa daktari ameiandika kwa siku za shule. Usimpe mara mbili ili "akili ifunguke zaidi". Usimwanzishie dawa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Na usimpe ndugu yake asiye na ADHD ili naye afaulu.

Madhara ambayo yanarudi kwenye masomo

Madhara ya kawaida ya dawa hizi ni kukosa hamu ya kula, kuchelewa kupata usingizi, kuumwa kichwa au tumbo, na hasira wakati dawa inapoisha. Mawili ya kwanza yanahitaji uangalizi mkubwa, kwa sababu yanaweza kula faida yote ya dawa.

Mtoto asiyekula mchana hana nguvu ya kufikiri. Mpe chakula cha kutosha kabla ya dawa: uji wa lishe wenye maziwa au karanga, yai, ndizi, parachichi. Chakula cha mchana akikibakiza usimgombeze. Mpe mlo mwingine jioni, hamu inaporudi.

Mtoto asiyelala hakumbuki vizuri, kwa sababu ubongo huimarisha mambo ya mchana wakati wa usingizi. Usimpe dawa mchana sana au jioni ila kwa maelekezo ya daktari. Mzuie chai ya majani, kahawa na soda za kola jioni, na simu izimwe mapema. Kama bado anageuka kitandani mpaka usiku wa manane, mwambie daktari.

Kwa watoto wengine kasi ya kukua hupungua kidogo. Pima uzito wake mara kwa mara, na urefu, shinikizo la damu na mapigo ya moyo angalau kila miezi 6. Vipimo hivi vinaweza kufanyika kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Andika matokeo kwenye daftari na uende nalo kliniki.

Mpeleke hospitali mara moja akizimia, akiumwa kifua, moyo ukimwenda mbio bila kutulia, akiona au kusikia vitu ambavyo havipo, au akizungumzia kujidhuru.

Kabla ya dawa, uliza kama amechunguzwa vizuri

Si kila mtoto mwenye mapepe ana ADHD. Asiyeona ubaoni atacheza. Asiyesikia vizuri kwa sababu ya masikio yanayotoa usaha ataonekana hasikilizi. Upungufu wa damu, kukosa usingizi, njaa na hofu ya kupigwa, vyote humfanya mtoto ashindwe kufuatilia masomo. Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki. Anaduwaa tu kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, na somo linampita. Pia, tafiti zilizofanyika Uganda zimeonyesha kuwa baadhi ya watoto waliougua malaria iliyopanda kichwani hubaki na shida ya umakini na kumbukumbu.

Hivyo mweleze daktari historia yote: degedege, malaria kali, kuzaliwa kabla ya wakati, na kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana au mwenye ugonjwa wa moyo. Hilo la moyo ni muhimu sana kabla ya kuanza dawa.

Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hizi zifikiriwe kwa watoto wa miaka 6 na kuendelea, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Kwa walio chini ya umri huo, msaada wa kwanza ni kuwafundisha wazazi na walimu namna ya kumlea na kumwongoza mtoto. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili ya watoto. Hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mathari jijini Nairobi zina huduma za afya ya akili.

Methilifenidati iko chini ya udhibiti wa kimataifa na hutolewa kwa cheti cha daktari. Usiinunue mitaani, usiigawe, na ifungie mahali ambapo watoto hawafiki.

Cha kufanya nyumbani na shuleni

Dawa inapofanya kazi, kuna saa chache ambazo mtoto anaweza kupokea zaidi. Zitumie.

- Panga kazi za nyumbani mapema, kabla ya uchovu kumwingia. Dakika 10 hadi 15 za kazi, kisha dakika chache za kuruka na kukimbia, halafu arudi.
- Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. Mtazame usoni, mwambie, kisha mwombe arudie ulichosema.
- Badala ya kumwambia asome kitabu tena na tena, mfunge kitabu na umuulize anakumbuka nini. Rudieni kesho na wiki ijayo.
- Andika au chora mambo ya kukumbuka ukutani: begi, daftari, kalamu, sweta.
- Msifu kwa kazi aliyomaliza, si kwa kunyamaza. "Umemaliza maswali matano" ni sifa nzuri kuliko "leo hukusumbua".
- Mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango.

Kisha weka kumbukumbu. Kila Ijumaa, andika mambo manne: alimaliza kazi ngapi wiki hii, amejifunza nini ambacho hakukijua wiki iliyopita, amekulaje, na amelalaje. Muulize mwalimu maswali hayohayo. Asikujibu tu kwamba "ametulia"; mwombe akuonyeshe daftari.

Ukienda kliniki, ukurasa huo mmoja utamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Kama mtoto ametulia na daftari linajaa, dawa na mafunzo vinakwenda pamoja. Kama ametulia lakini daftari bado ni tupu, mwambie daktari hivyo waziwazi, na uombe mambo matatu yaangaliwe: kipimo, saa ya kumeza dawa, na msaada anaoupata katika masomo yenyewe.

*Maelezo haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wa mtoto wako. Usianze, usibadili wala usisimamishe dawa kabla ya kuzungumza naye.*